Soksi ya mtoto ndani ya turbo

Naombeni radhi kwa kukawia kuwajibu mlioulizia supu leo. Ningeandika asubuhi ningetukana mtu.

Gari yetu ndiyo huniletea vichwa na miguu ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko. Ilikuwa inatembea vizuri tu.

Lakini mume wangu, Baba Neema, alitaka nguvu. Akanunua turbo, ile ya kusukumia injini hewa, kubwa kuliko ya kwanza, akaifunga mwenyewe hapa nje ya nyumba, akifuata video kwa simu.

Akawasha. Injini ikalia kama bati linalokatwa, ikazimika.

Mnajua alisema nini?

"Mama Neema, nimeuziwa turbo mbovu."

Nikamwuliza kama kuna kitu amesahau.

"Wewe pika. Ya injini niachie mimi."

Haya. Akaifungua, majirani wakiangalia. Ndani, soksi ya mtoto wetu, imekatikakatika. Aliziba nayo bomba la hewa vumbi lisiingie, akasahau kuitoa.

Jirani akamwambia, "Ile ya mguu wa pili tutafute kwa ekzosi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nampenda huyu mwanaume, hata chai nimempelekea pale chini ya gari. Lakini kesho supu lazima ipikwe.

Kwa hivyo nahitaji gari ya kuazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja. Nahitaji fundi wa turbo, asiwe wa video. Na wewe uliyeuziwa turbo yetu ya zamani jana, nirudishie leo, pesa yako utapata; haikuwa ya Baba Neema peke yake kuuza.