Mtori wa Mektrida

Mektrida wa Kilema, huko mlimani, alikuwa na mgahawa mdogo mjini, karibu na hospitali ya Mawenzi. Kwa miaka mingi, leo alipika wali na maharage, kesho maharage na wali. Zamani hiyo ilitosha. Ilipoingia miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa kwa wote, kila mwenye sufuria akafungua mgahawa: huyu chipsi, yule kuku, wa tatu redio inayolia mpaka barabarani. Wateja wakahama kimya kimya, nzi wakabaki. Akifunga, ilikuwa ni kurudi mlimani kwa mashemeji waliomwambia mjini hataweza, na aibu hiyo Mektrida hakutaka hata kuiota.

"Pika mtori," Rukia, jirani yake muuza vitumbua, alimshauri. "Hapo hospitali watu wanajifungua kila siku."

"Mtori wa mzazi anapika mama mkwe, Rukia. Nyie watu wa mjini hamjui mambo. Nikiuuza mimi, nitasemwa mlima mzima."

Na kweli, huko kwao mwanamke akijifungua, mama mkwe humpikia ndizi na nyama, akaziponda zikalainika, na sifa zote huwa zake. Basi Mektrida akawa tayari kufilisika kwa heshima.

Mvua za masika ndizo zilizomwamulia. Barabara ya Kibosho ikageuka tope, na kijana mmoja, Sirili, akaingia mgahawani karibu kulia: mkewe amejifungua, na mama mkwe wa kumpikia mtori amekwama mlimani. Mektrida aliguna, akasonya, akamenya ndizi. Akatia na siagi bila kupima, maana huruma ilikuwa imeshamshika. Kesho yake Sirili alirudi na akina baba wengine wapya.

Barabara ilipokauka, akaingia mama mtu mzima, themosi mkononi, uso umekunjamana. Alikuwa Dominika, mama yake Sirili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyempikia mkwe wangu?"

Mektrida akajiona tayari yuko njiani kwenda Kilema na masufuria yake. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

Dominika akachungulia mlangoni, kisha akakaa. "Nimeamka alfajiri nikampikia. Kaonja kidogo, akauliza kama ule wa jana umebaki."

Ilimuuma kweli, na Mektrida akamwonea huruma. Dominika akaisogeza themosi mezani. Ilikuwa tupu, mtori wake alikwishaumwaga.

"Nijazie. Na Sirili akiuliza, nimepika mimi."

Tangu hapo wali na maharage vikastaafu. Akina baba waliingia kwa mlango wa mbele. Mama wakwe, wa Kibosho kwa wa Kilema, walipitia wa nyuma, kila mmoja na themosi chini ya kitenge, kila mmoja akiamini siri hiyo ni yake peke yake. Mektrida aliwaamkia, akawajazia, akafunga mdomo. Huko wodini, mama wakwe hawakuwahi kusifiwa namna ile.