Povu Lisilo na Macho

Mtu mwingine akisikia harufu ya kafuri hushusha sauti, huvuta mtandio wake vizuri kichwani, kisha huuliza nani amefariki. Mimi hukohoa ili kuficha kicheko. Nimejaribu kujirekebisha. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, nimezoea kukaa kwenye vikao virefu bila kusinzia, na bado harufu ile ya baridi, inayopanda puani kama maji yaliyopita njia mbaya, hunirudisha uani kwetu, mtaa wa Buyenzi, asubuhi ya Ijumaa, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kikombe cha bati kimebanwa katikati ya magoti yangu, brashi ya kunyolea mkononi, nikimwua baba yangu. Ndivyo nilivyoamini kwa muda wa saa nzima. Nilikuwa na miaka kumi.

Baba alikuwa fundi wa magari, na katika mtaa ambao kila mlango wa pili una fundi wa magari, yeye alijulikana kwa uso wake. Mikono ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, ovaroli ilisimama yenyewe kwa uchafu ukiiegemeza ukutani, lakini uso wa fundi Rajabu ulikuwa safi kama wa bwana harusi. Kidevuni aliacha ndevu fupi, kama Waislamu wengi wa mtaa wetu. Mashavu na shingo alinyoa kila asubuhi, na mstari uliotenganisha ndevu na shavu ulinyooka kama uliochorwa kwa rula. Kioo chake kilining'inia kwenye msumari nje ya jiko, na chini yake palikuwa na dirisha dogo alimoweka vitu vyake: sabuni ya duara ndani ya kikopo, brashi yenye mpini wa mfupa uliogeuka rangi ya chai, na wembe. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa. "Muteja anakuja na gari imekufa na roho imemupanda juu," alikuwa akisema. "Lazima aone kitu kimoja kimenyooka."

Kiangazi kile, wakati vumbi la Buyenzi lilikuwa limepanda hadi kwenye sufuria, panga la feni la gari la mteja lilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Kimoja kilikuwa cha shahada, kile ambacho mtu hukiinua akiwa kwenye swala. Alilazwa hospitali ya Kamenge, akarudi na bendeji kubwa kama boga. Siku hiyohiyo aliyorudi, baba mdogo Hamisi, mdogo wake wa tumbo moja, alikuja kumjulia hali, akanywa chai yetu vikombe viwili, akasifu madaktari, kisha akaondoka na funguo za garaji. "Kwa muda tu, kaka," alisema. "We pumuzika." Baba alikuwa amelewa dawa za maumivu. Ilipopita wiki, dawa zikamtoka kichwani, akajitazama kwenye kile kioo akaona mzee asiyemjua, mashavu yamejaa ndevu zisizo na mpango. Mama alishauri aitwe kinyozi. Baba alikataa. Kwenye kiti cha kinyozi, alisema, ndiko habari za mtaa zinakoandikwa, naye hakutaka kuandikwa kwamba ameshindwa kujinyoa.

Akaamua kujinyoa kwa mkono wa kushoto. Na hapo ndipo nilipoingia mimi, kwa sababu mkono mmoja unaweza kushika wembe, ila hauwezi kushika kikombe na kukoroga sabuni kwa wakati mmoja. Mama alikuwa akiondoka alfajiri kwenda Gatumba kununua vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, wadogo zangu walikuwa bado wanalia wakiona paka, na Nyanya, mama yake baba, alisema yeye ameshamwosha mtoto huyu mara moja na hawezi kuanza upya. Nikabaki mimi, Mwamini, niliyepewa jina la huyo Nyanya, na ambaye kwa sababu hiyo baba aliniita mama.

Nilidhani kutengeneza povu ni kazi ya kitoto, kama kuchezea maji ya kufulia. Siku ya kwanza nilimwaga maji mengi kwenye kikombe, nikapiga brashi kwa nguvu zangu zote, nikatoa povu la kupendeza lililofurika hadi kwenye vidole vyangu, likiwa limejaa mapovu makubwa yenye rangi za upinde wa mvua. Nikajivuna. Baba akaliangalia kama alivyokuwa akiangalia kazi ya fundi aliyefunga nati nusu. "Hii ina macho," alisema. "Povu yenye macho ni ya kufulia kaniki. Ukiipaka usoni, wembe unapita juu ya upepo." Halafu akanipa mtihani wake: geuza kikombe juu chini, juu ya kichwa chako mwenyewe. Nikageuza. Niliingia darasani asubuhi ile nikiwa na nywele zinazonuka sabuni ya wanaume, na mwalimu akaniuliza kama kwetu tumehamia kwa kinyozi.

Ilinichukua karibu wiki mbili. Brashi hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu hadi iwe nzito, kisha huikung'uti mara kumi kama anayefukuza nzi. Mara mbili zinatosha. Halafu unaizungusha juu ya sabuni taratibu, bila kuikandamiza, hadi nywele zake zishikwe na kitu kama ugali mwepesi. Ndipo unaihamishia kwenye kikombe, na maji unayaongeza kwa ncha ya kidole, tone kwa tone. Mwanzoni kikombe hupiga kelele, chwa-chwa-chwa. Ukiwa na haraka utazipenda kelele hizo. Unatakiwa kuendelea hadi zinyamaze, hadi brashi izunguke bila sauti, na povu ling'ae kama mtindi mzito, bila jicho hata moja. Siku nilipogeuza kikombe juu ya kichwa changu na hakuna kilichoanguka, baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. Sijawahi kupata shahada iliyonipa kiburi kile, na ninazo tatu, mbili zimening'inia ukutani, moja imeliwa na mchwa.

Povu hilo halikuwa la urembo. Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa mwanafunzi mbaya: ulitetemeka, ulikwenda kwa kuruka, ulisahau palipo na taya. Povu likiwa jepesi, damu ilitoka. Likiwa zito, wembe uliteleza hata ulipokosea. Kila asubuhi nilipoangalia uso wake nilijua alama yangu bila kuuliza: leo mikato minne, leo miwili. Mstari wa ndevu ulikuwa bado umepinda kama barabara ya kupanda milimani. Jirani zetu waliuona juu ya ua na hawakunyamaza. "Fundi Rajabu ameshaajiri mukono mupya, ni mutoto wa kike!" alipiga kelele mama mmoja bombani, na wenzake wakacheka hadi ndoo zikamwagika. Baba alihamisha kioo. Nilidhani anakiingiza ndani. Alikitoa hadi barazani, mbele ya njia, akakaa hapo na shingo yake nyeupe kwa povu, akawaamkia mmoja mmoja waliopita: "Umeamukaje? Habari gani? Karibu uangalie vizuri."

Baba mdogo Hamisi alipita mara moja, funguo za garaji zikilia kiunoni. Alisimama akatazama wembe kwenye mkono wa kushoto, akatikisa kichwa. "Kaka, huo mukono ni wa chooni," alisema. "Utawasalimia watu na huo?" Baba alimalizia shavu kwanza. "Ule wa kulia ulikuwa bwana mukubwa," akasema. "Huu haujawahi kukataa kazi." Hamisi alicheka kidogo, kisha akatoa habari aliyokuja nayo: Ijumaa, baada ya swala, wazee wa ukoo watakuja nyumbani kuzungumza mambo ya garaji. Ingekuwa vizuri, alisema, iwe chini ya jina moja linaloeleweka. Hakusema jina gani. Hata mimi wa miaka kumi nilielewa kwamba baba akipoteza kikao kile, atakuwa mtu wa kukaa barazani maisha yake yote, na kioo chake.

Kwa hiyo niliamua povu la Ijumaa liwe bora kuliko yote. Ngozi ya baba ilikuwa imeungua kwa mikato ya kila siku, naye alivuta pumzi kwa meno kila sabuni ilipomgusa. Nilitaka kitu cha kupoza. Nyanya alikuwa na mkebe chini ya kitanda, ndani yake kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri na vipande vya kitu cheupe kama sukari ya mawe, ambavyo ukivinusa kichwa kilikuwa kikipoa hadi utosini. Kaka yake alimletea kutoka Maka. Kwangu hayo yalikuwa manukato ya thamani kuliko yote ndani ya nyumba, na baba yangu alistahili. Nilichukua vipande viwili, nikavisaga kwa kijiko hadi vikawa unga, nikauchanganya na sabuni. Povu lilitoka zuri ajabu. Niligeuza kikombe juu ya kichwa changu nikahesabu hadi ishirini. Halikutikisika.

Nilimpaka baba shavu zima na shingo kabla hajasema kitu. Alifumba macho, akavuta hewa, akayafumbua. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. "Mama," aliniuliza polepole, "umetia nini humu?" Nikamwambia. Kabla hajajibu, Nyanya alitoka ndani ameshika mkebe wake ulio wazi, kitambaa kinaburuzwa nyuma. "Mumenimaliza!" alilia. "Kafuri yangu! Hiyo ni ya kuoshwa nayo nikishakufa! Na ile ni sanda yangu!" Hivyo ndivyo nilivyojua nilichofanya. Nilikuwa nimempaka baba yangu dawa ya maiti, usoni, siku aliyohitaji zaidi kuwa hai. Nilianza kulia nikimwambia asife, nikajaribu kumfuta kwa gauni langu la shule. Baba akaniondoa mkono. Angeweza kunawa na kuanza upya, maji yalikuwapo. Nyanya alishamletea chupa ya marashi ya halwaridi afunike harufu. Aliikataa. "Povu haina jicho hata moja," alisema. "Siwezi kuitupa." Akashika wembe, na ubaridi ule ukamtuliza ngozi, na mkono wa kushoto, sijui kwa nini siku ile, ukaenda bila kuruka. Hakuna mkato. Mstari ulinyooka.

Msikitini, alituambia baadaye, safu yake ilipata nafasi isiyo ya kawaida. Waliosimama bega kwa bega naye, kulia na kushoto, walisogea kidogo, wakimtazama kwa jicho la pembeni. Kisha wazee watatu na Hamisi wakaja nyumbani, wakaketi kwenye mkeka. Mimi na Nyanya tulikaa nyuma ya pazia, yeye bado amenikasirikia na ananifinya kila nikipumua. Hamisi alizungumza vizuri. Alizungumza juu ya mkono, juu ya wateja, juu ya huruma. Alisema mtu mgonjwa asibebeshwe mzigo. Kisha akanusa. Akanusa tena, akaangalia kona za chumba, akamwegemea baba. "Kaka," alisema, na sauti yake ilipotea njia, "mi sisemi kitu kibaya. Lakini we unanuka kafuri."

Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Nilishika gauni la Nyanya kwa mikono miwili.

"Ndiyo," baba alisema. "Mumeshakaa kunigawanya urithi, nikaona nije nimeoshwa kabisa, nisiwasumbue." Akageuza uso wake upande wa dirisha, shavu moja, halafu la pili, wazee waone ule mstari. "Ni mukono wa kushoto ulioandika huu mustari. Nani hapa anaweza kunyooka hivi na ule wa kulia? Hamisi, leta wembe wako tuone." Kisha akaunyosha ule mkono wa kushoto mbele yake, kiganja wazi. "Maiti anaomba funguo zake."

Nyuma ya pazia Nyanya ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kikubwa cha mwanamke aliyesahau kwamba ameibiwa kafuri. Mzee aliyesema astaghfirullah akafuata, akajifuta macho kwa kofia yake. Hamisi alifungua funguo kiunoni, akaziweka mkekani. Baba hakuzigusa. Alisubiri, kiganja wazi, hadi mdogo wake alipoziinua tena na kumwekea mkononi. Jumatatu alifungua garaji. Alifanya kazi kwa mkono ule kwa miaka ishirini na zaidi, na nati alizofunga kwa kushoto ziliwatoa jasho mafundi waliokuja kuzifungua.

Alipofariki, wanaume walimwosha chumbani, na sisi wanawake tulikaa ukumbini tukisoma. Harufu ilipopita chini ya mlango, nilicheka. Nilicheka hadi shangazi zangu wakanitoa nje na kunimwagia maji kichwani, wakidhani akili imeniruka. Sikuomba radhi siku ile, na siombi leo.

Siku hizi nakaa mtaa wa Mutanga Nord, kwenye nyumba yenye bomba la maji moto ambalo hutoa maji moto likijisikia. Kijana wangu hunyoa kwa povu la kwenye mkebe: anabonyeza, linatoka, limejaa macho, naye anaondoka na mashavu mekundu akidhani hivyo ndivyo mashavu yalivyo. Mimi mwenyewe sina ndevu, isipokuwa mbili tatu za kidevuni ambazo umri umeniletea bila kuziomba. Mwaka huu niliteleza kwenye ngazi nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na wenzangu wa idara ninayofundisha, watu wema kabisa, walikuja kunijulia hali, wakanywa chai yangu, wakashauri masomo yangu apewe mwingine. Kwa muda tu, walisema. Nipumzike. Walipanga kikao cha kulimaliza jambo hilo.

Asubuhi ya kikao nilitoa brashi ya baba kabatini. Nilibana kikombe katikati ya magoti, mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta, na nikaanza kuzungusha kwa wa kushoto. Nilichelewa. Povu la kwanza liliniangukia kwenye miwani, nikaosha kikombe, nikaanza upya. Nilizungusha hadi kikombe kikanyamaza, nikasimama mbele ya kioo na suti yangu ya kikao, nikakigeuza juu ya kichwa changu, nikahesabu hadi ishirini. Kisha nikachukua kipande kidogo cha kafuri nilichokihifadhi pamoja na brashi, nikakisugua nyuma ya masikio, upande huu na upande huu, nikatoka kwenda kudai ratiba yangu.