Noti Juu ya Kitambaa Cheupe

Tulikuwa wasanii sita, kila mmoja na filamu yake fupi, na tulipewa ukumbi katika nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe. Mada ilikuwa thamani ya pesa. Wenzangu walirekodi mashine za benki na maduka ya kubadilishia fedha. Mimi nilikwenda mtaa wa Mpendae kwa shangazi yangu, mshona kofia.

Kofia moja ya mkono humchukua miezi minne. Hutoboa matundu madogo kwenye kitambaa, akalizungushia uzi kila moja, mpaka maua yajitokeze. Nilimwomba nimrekodi akiwa kazini.

"Mikono tu," alisema. "Uso wangu sitaki uonekane."

Nilikubali, na kwa miezi kadhaa nikawa nakwenda kwake na kamera. Siku moja nilikwenda na wazo nililoliona la maana sana: nizipange noti juu ya kitambaa, kuizunguka mikono yake, ili mtazamaji aone kazi na malipo kwa pamoja. Basi nikazipanga. Shangazi akashona tundu moja, akalimaliza, kisha akatua sindano. Akazifagia noti zote kwa kiganja, zikaangukia mkekani.

"Shangazi! Kamera inarekodi!"

"Nnajua. Na wewe unajua noti hizi zimeshikwa na wangapi? Muuza samaki, kondakta, mchinja kuku. Kitambaa cheupe hiki, na atakayeivaa kofia hii anakwenda kusali nayo."

Niliokota pesa zangu, nimenuna. Nyumbani nikaitazama ile picha mara tatu, na kila mara nikacheka. Saa zote nyingine nilizorekodi nikaziacha. Nikabakisha tundu moja, tangu kutobolewa mpaka uzi kukatwa, bila kuruka hata sekunde, na mwisho kile kiganja kikifagia.

Siku ya maonyesho, baada ya alasiri, shangazi alikuja amevaa baibui lake jipya, akakaa mstari wa mbele. Nilikuwa nimemwalika pia mfanyabiashara wa Darajani anayenunua kofia zake. Filamu ilipoanza watu walikohoa, wengine wakachungulia simu. Sindano ikaingia, ikatoka, ikaingia tena. Taratibu ukumbi ukatulia, hata nikasikia feni. Noti zilipofagiwa, watu waliangua kicheko, na shangazi, yule asiyetaka kujulikana, akanyanyua mkono juu.

"Ndiyo mimi huyo!"

Yule mfanyabiashara hakuwa akicheka. Alimfuata shangazi pale alipokaa, akainama kidogo.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Miaka yote hii nnauza kofia, sijapata kukaa nikaona tundu moja likishonwa. Nlikuwa nikijua ni kazi, lakini..." Akaitazama mikono ya shangazi. "Ile bei tuliyozoea, naona si ya haki."

"Haya, tutaizungumza dukani kwako," shangazi akamjibu kwa upole. "Si hapa mbele za watu."

Waliizungumza kweli, wiki iliyofuata. Bei ikapanda karibu nusu, na majirani zake wawili wanaomshonea mtu yule wakapandishiwa vilevile. Lakini hayo niliyasikia baadaye. Jioni ile mimi na shangazi tulitoka pamoja kwa miguu kuelekea Darajani, na njiani akanigeukia.

"Na wewe, wenye maonyesho wamekulipa nini?"

"Nauli. Na chai tuliyokunywa."

"Miezi yote uliyokuwa ukija na makamera yako?"

"Naam, shangazi."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akanivuta mkono hadi kwa mkamua miwa, akaagiza glasi mbili zenye ndimu na tangawizi, na nilipotia mkono mfukoni akanipiga kofi la begani. Tulikunywa tumesimama, watu wakitupita na vikapu vyao, naye akanisimulia filamu yangu yote tangu mwanzo, kana kwamba mimi sikuwapo.