Unga Hauguswi Mara Mbili

Vijana wa siku hizi ukiwatajia laini wanadhani unaulizia ya simu. Mimi neno hilo nililijua kwa mdomo kabla sijalijua kwa masikio. Kwetu Shinyanga mama alinisagisha mtama kwenye jiwe tangu nikiwa sifiki begani mwake, na kila nilipodhani nimemaliza, aliupaka unga kwenye mdomo wangu wa chini. Kama unakwaruza, rudi kwenye jiwe. Maziwa mgando yakiwa laini husifiwa, ngozi ya mtoto ikiwa laini watu humshukuru Mungu, maneno yakiwa laini kupita kiasi kaa chonjo. Lakini kwa msichana, unga kuwa laini au kutokuwa laini ilikuwa hukumu.

Nilipoolewa, nilipewa jiwe mbele ya ukoo wa mume, kama desturi yao ilivyotaka. Mwamuzi alikuwa shangazi yake mume wangu. Kazi yake ilikuwa kuchota unga kwa vidole, kuusugua na kusema neno moja tu: laini. Akishalisema, bibi harusi amekuwa mke wa nyumba ile na hakuna wa kumnyooshea kidole. Nilisaga mpaka viganja vikawaka moto. Nikaupima mdomoni, ukateleza. Nikaenda kunawa, nikamwachia wifi yangu, dada wa mume, aufunike ungo.

Shangazi alisugua, akasita, akasugua tena. Akakung'uta vidole. "Una mchanga," akasema.

Niliomba nisage mwingine.

"Unga hauguswi mara mbili," alinijibu, na watu wakaanza kuinuka.

Tangu siku hiyo nikaitwa wa mchanga. Nikipika, wakwe wanatafuna taratibu huku wakitazamana. Mume wangu alinitetea mwanzoni, kisha akanyamaza, kisha akanirudisha kwa mama yangu. Baadaye sana wifi alisimulia mwenyewe msibani jinsi alivyonyunyiza mchanga kwenye unga wangu, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Habari ilinifikia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nilijisemea, nami nikaenda kukaa ukingoni kumsubiri.

Ukingo wenyewe ulikuwa Geita. Sitaeleza nilivyotwanga mawe ya watu kwa mchi wa chuma kabla sijapata karasha langu; waliotwanga wanajua. Karasha ni pipa la chuma lenye gololi ndani, linazungushwa na injini mpaka mawe ya dhahabu yawe unga. Kazi ni ileile ya mama. Unga ukikwaruza, dhahabu bado imejificha ndani ya punje, na ukienda kuuosha hutaipata. Uwanjani kwetu kuna sheria ya kuzuia ugomvi: mwenye mawe anapima unga mwenyewe na kutamka laini mbele ya watu. Akishatamka, pipa linamwagwa. Mabaki baada ya kuosha, tunayoyaita marudio, ni mali ya mwenye karasha pamoja na chochote kilichobaki ndani yake.

Kiangazi kilichopita wifi akaja na viroba vya mawe. Alikuwa mjane sasa. Ng'ombe wa mwisho wa marehemu mumewe walikuwa wameuzwa wakaishia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu alilolichimba yeye mwenyewe, na viroba vile ndivyo vilivyokuwa mavuno yake yote.

"Mwangaluka, wifi," alinisalimia. Aibu hakuwa nayo usoni, labda aliisahau nyumbani.

"Mwangaluka," nikajibu. Nikamkaribisha kwa maneno laini sana. Nilimpa kiti kivulini na maji ya kunywa, nikamuulizia watoto mmoja mmoja.

Injini niliizima mapema. Nikampa mgongo, nikapaka unga kwenye mdomo wa chini. Ulikuwa bado unakwaruza. Nikamwita apime.

Alichota kwa vidole. Kamba ya kuvutia mawe kutoka duarani ilikuwa imemwotesha sugu nene, vidole vimekuwa kama kwato. Kidole chenye sugu hakihisi kitu, na uwanjani kwetu kila mtu anajua, ndiyo maana tunapima kwa mdomo. Yeye alikuwa mgeni wa karasha, hakujua. Mchimbaji mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akataka kusema. Nilimkazia macho, akageukia viroba vyake.

"Sugua vizuri, wifi. Hakuna anayekukimbiza." Sikutaka ije isemwe kwamba sikumpa nafasi.

Akasugua. Akatabasamu.

"Laini," akasema, kwa sauti ya kusikika.

Ujana wangu wote nililingoja neno hilo kutoka kwenye ukoo ule. Lilikuwa tamu, sitadanganya. Nikaamuru pipa limwagwe.

Alipomaliza kuosha, chini ya karai kulikuwa na chembe za kuhesabika. Akaosha tena, akainamia karai karibu pua iguse maji. Kisha akachota ule unga uliolowa, akaupeleka mdomoni polepole. Naye alilelewa na mama wa kwetu, bila shaka alipimiwa hivyo hivyo utotoni. Nikaona uso wake unabadilika.

"Wifi, unakwaruza," akasema. "Nisagie tena."

"Unga hauguswi mara mbili."

Alinitazama. Nilimwona akiyakumbuka maneno yale, na siku ile, na ungo ule. Hakuomba tena. Alikunja viroba vyake vitupu, akavitia kwapani, akaondoka bila kuaga.

Marudio yake nimeyarundika peke yake nyuma ya karasha. Wanunuzi wakija nawaambia hayauzwi. Ningeweza kuyasaga upya na dhahabu ingetoka, lakini mimi sikuwa na njaa ya dhahabu. Kila asubuhi kabla sijawasha injini nachota kidogo, napaka kwenye mdomo wa chini. Yanakwaruza, nami nashiba.