Bibi Hakupanda Gari la Baba

Wasomaji wapendwa, haya ninayoandika sijawahi kumwambia mtu, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Naomba mhariri afiche jina langu, maana Bariadi ni mji mdogo na gari lenyewe linajulikana.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Si mwongeaji. Wenzangu wakicheza mpira wa pete jioni, mimi nasoma chochote kilichochapishwa, na hilo ndilo lililonifanya rafiki wa baba. Baba anaendesha lori la mnunuzi wa pamba, mmoja wa hawa wa binafsi walioruhusiwa juzijuzi. Lori ni kazi, lakini moyo wake uko kwenye magari ya mbio. Alikuwa na jarida kuukuu la Kiingereza la magari, nami nikimtafsiria, mama akitucheka: "Wengine wanasoma Biblia, nyie mnasoma magurudumu."

Mwaka jana, magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuuzwa Mwanza, baba alinichukua wakati wa likizo twende kuangalia. Tulikuta moja jekundu, la spoti, fupi, lenye milango miwili tu. Lilikuwa rahisi kuliko yote kwa sababu kila mtu alitaka gari la kubeba abiria. Baba alipitisha sumaku ya spika ya redio kwenye bodi nzima kutafuta palipozibwa kutu kwa lipu, maana hapo sumaku haishiki, akanusa kijiti cha oili, kisha akawasha injini na kuinamisha kichwa kama anayesikiliza mtoto anavyopumua.

"Unasemaje?" akaniuliza.

Nilisema tulinunue. Muuzaji akacheka. "Mzee, hili ni la vijana wasio na wakwe." Baba naye akacheka, akalipa. Njia nzima ya kurudi hakufungua redio, ili tusikie injini. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Msimu huu wa pamba zilikuja habari kwamba bibi mzaa mama, aliyekuwa akiishi Nkoma, anabanwa na kifua. Ilikuwa Jumapili, lori lilikuwa kwa bosi. Mama ana mtoto mchanga, hakuweza kusafiri. Akamwambia baba, "Kamlete mama yangu hospitali. Nenda na binti yako amsaidie."

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawali pamoja wala hawagusani. Tulipofika, baba alisimama mbali akitazama chini. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa kilugha, akimwita mama. Bibi akaitikia. Kisha baba akafungua mlango, akakunja kiti cha mbele, akasogea kando kumpisha.

Hapo ndipo nilipoona. Kiti cha nyuma kilikuwa kama kishimo. Kuingia mle mtu mzima lazima ainame na kutambaa, na bibi, mwenye mwili mkubwa na magoti mabovu, angehitaji kusukumwa na mtu mwenye nguvu kuliko mimi. Mbele angekaa bega kwa bega na mkwe wake.

Bibi akaniita ndani ya nyumba. Alikuwa anahema, lakini alicheka kidogo.

"Ng'wana wane, mwanangu, gari gani hilo limelala kama ndama aliyekataa kusimama? Nitambae mle mkwe wangu akinitazama mgongo?"

"Bibi, baba hatajali."

"Mimi najali. Mwambie nimepata nafuu. Kesho nitakuja na lori la pamba, nitakaa juu ya magunia kama mke wa mtemi. Na sababu usiiseme kwa mtu. Utamtia aibu, na gari lake naona analipenda."

Nilitoka nikamwambia baba kwamba bibi amepata nafuu, atakuja kesho. Alinitazama, akatazama kile kiti, akakirudisha polepole. Tukaondoka.

Lori lilipofika Nkoma kesho yake, bibi alikuwa ameshafariki.

Kwenye matanga mama alimuuliza baba mbele ya wajomba, "Ulifika mpaka kwa mama yangu ukarudi na kiti kitupu. Uliogopa mawe ya Nkoma yatakwaruza gari lako?"

Nilingoja baba aseme kwamba mimi ndiye niliyemletea maneno yale. Hakusema. Alisema, "Niliona ana nafuu. Kosa ni langu." Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, na sikufungua mdomo.

Tangu siku hiyo mama yuko Nkoma na mtoto. Amesema harudi kwa mtu aliyemwacha mama yake. Baba ameamua kuliuza gari. Juzi aliniambia nilioshe, kuna mtu kutoka Binza anakuja kuliona. Nilikunja kiti cha mbele, nikaingia nyuma nikakaa, magoti yakanigusa kidevu. Baba akanikuta humo.

"Bibi asingeweza kuingia hapa," nikasema.

Akashika paa la gari. "Najua. Nilijua palepale."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nini mama mkwe wangu?"

Ndugu wasomaji, nikimwambia mama ukweli, huenda akarudi nyumbani, lakini nitakuwa nimevunja ombi la mwisho la bibi, na mama ataishi akijua kwamba mama yake alikufa kwa kuona haya. Nikinyamaza, baba ataendelea kubeba lawama ambayo nusu yake ni yangu. Mimi ni mtoto wao wote wawili. Nishaurini, nishike lipi?

Yule mtu wa Binza alikuja jana jioni. Alizunguka gari, akapigapiga magurudumu, akauliza kama mtu mzima anaweza kukaa nyuma. Nikajibu mimi, "Hapana, hawezi." Mtu yule akasema basi, akaondoka. Baba akaingia ndani. Mimi nikafunga milango yote miwili, na leo asubuhi, kabla ya kwenda shule, napita posta na barua hii.