Siku Nne Bila Matone

Mume wangu alipofariki, nilikuwa na jicho moja tu linaloona, la kushoto, nalo lilikuwa na kioo cha mbele cha bandia. Kioo changu cha kuzaliwa kilishakuwa cheupe kama maziwa yaliyoganda. Madaktari wa hospitali moja ya mbali walikitoa, wakaweka cha plastiki, nikaanza tena kuchagua mawe kwenye mchele. Lakini jicho la namna hiyo lina masharti: matone ya kuzuia vijidudu, na matone ya kushusha presha ya jicho, kila siku, maisha yote. Presha ikipanda inaua mshipa wa kuonea, na kilichokufa hakirudi.

Wiki tatu kabla ya msiba, daktari alininingʼinizia kikaratasi chembamba kwenye kope ya chini. Kikanywa machozi, kikaenda maabara. Majibu yalipotoka alinipigia simu.

"Mama, machozi yako yana dalili za uvimbe. Jicho bado haliumi, lakini ndani limeanza kuchokozeka. Usiruke hata tone moja."

Nikaahidi.

Matanga yalikuwa kijijini Buswahili, nyumbani kwa wakwe zangu. Mimi silii kwa sauti. Mama yangu mzazi alipokufa nilikaa kimya nikachambua mboga. Kwetu mjane asiyepiga kelele anasemwa, na siku ya kwanza walishaanza kunongʼona juu yangu. Saa ya dawa ilipofika, nikainua uso pale pale mkekani, nikadondosha. Wifi yangu, dada wa marehemu, akaniona.

"Jamani, njooni muone! Wifi machozi yamemwishia, anatumiaga ya chupa!"

Waombolezaji wakacheka, hata kina mama wa jumuiya walioshika rozari.

"Ni dawa, wifi."

"Dawa ya kulilia? Nipe na mimi, koo limekauka!"

Shangazi mmoja akaniinamia. "Mwanangu, ficha hizo. Watasema ulimchoka mumeo."

Nikazifungia kwenye sanduku. Siku nne. Hakuna aliyenikataza. Naandika hivyo kwa sababu ndugu zangu wanapenda kumlaumu wifi, nami nimechoka kuwasahihisha: mkono uliofunga sanduku ni wangu. Ningeweza hata kuingia chumbani nikadondosha huko, lakini nilidhani kila anayeniona nikinyanyuka anajua ninachofuata. Kinachonichefua mpaka leo ni kwamba niliogopa kuchekwa kuliko upofu.

Siku ya tano jicho lilikuwa zito, na upande wa kulia wa kila nilichokitazama ulikuwa kama umefunikwa na khanga. Wifi ndiye aliyenisindikiza hospitali. Daktari alinibonyeza jicho kwa kidole juu ya kope, maana kipimo cha kawaida cha presha hakifanyi kazi kwenye plastiki.

"Jicho limekuwa gumu. Uliruka siku ngapi?"

"Hajaruka, daktari!" wifi akadakia. "Mimi si nilikuwaga naye muda wote?"

"Nne," nikasema.

Daktari akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Presha tutaishusha. Upande uliopotea haurudi. Uliobaki ndio wa kulinda."

Tukiwa njiani kurudi, basi lilisimama Bunda. Wifi alishuka, akarudi, akakaa kulia kwangu.

"Wifi, umeninunia? Nimekushikia soda mpaka mkono unauma."

"Sioni huko."

"Huoni kabisa?"

"Daktari alisema mbele yako. Ulidhani anatania?"

Akahamia kushoto. Huyu mwanamke ambaye hata kanisani hanyamazi, alinifungulia soda, akanishikisha mkononi. Tulipofika Kiabakari akauliza, kwa sauti ndogo, "Ile dawa yako ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

Akatazama simu yake. Ilikuwa saa tisa na nusu. Akanipokonya mkoba, akaanza kuchakura chupa, huku akinigombeza kwamba mbona sikumkumbusha. Nilikuwa na majibu mengi. Nikainua uso.