Siku Darasa la Kisomo Lilipokwenda Kutazama Vuga

Nianze na koti, maana bila lile koti nisingekuwa na mke niliye naye, wala nisingekuwa na la kuandika. Lilikuwa la mjomba wangu. Alilinunua zamani alipokuwa akikata mkonge kule chini upande wa Magoma, mahali ambapo joto linamtoa mbwa ulimi, akalivaa huko huko juani ili watu wajue kwamba yeye ni mtu wa milimani. Mjomba alikuwa hivyo. Kuna siku aligombana na mbuzi wa padri, lakini huyo mbuzi nimwache, nisije nikapotea.

Koti lilikuwa jeusi, zito, halina kifungo hata kimoja. Nililiazima kwa sababu ya mama mmoja.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa binti wa kijiji chetu, huku juu upande wa Lukozi. Baba yake alikuwa ameshafariki. Baba zake wadogo walisema, "Sisi hatuna neno, tunamsikiliza mama mtu." Na mama mtu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Maharage yakapandwa, yakavunwa, yakapandwa tena, mama kimya. Nilikonda mpaka suruali ikawa inanizunguka.

Na kwetu Usambaani, ukishapeleka posa, mama wa binti ni mkwe wako hata kabla hajakukubali. Humtazami usoni. Humpi mkono. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, unaingia migombani mpaka apite. Sasa niambie, mtu atakupenda vipi ikiwa kila akikuona anauona mgongo wako unaishia migombani?

Ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa, na kila mtu mzima akatakiwa aingie kisomo kujifunza kusoma na kuandika. Yule mama akaingia. Kesho yake na mimi nikaingia. Sitadanganya kwamba nilitaka elimu. Nilitaka anione nikiwa nimetulia mahali, si nikikimbia. Lakini darasani nako ilibidi nikae nyuma ya nguzo ili tusitazamane, nikawa nasoma ubao kwa kupinda shingo. Mpaka leo, nikishika barua, mke wangu ananiambia, "Nyoosha shingo, mzee, hapa hakuna nguzo."

Mwalimu wetu alikuwa binti wa Kibondei kutoka Muheza, amemaliza shule juzi tu, mcheshi, haogopi mtu. Siku moja akasimama mbele akasema:

"Jamani, mmesoma vizuri. Mwezi ujao tutakwenda kutalii."

Mzee mmoja, mkubwa kuliko sote, ambaye tulimwita babu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kutalii ndiyo kufanya nini?"

"Ni kwenda mahali kutazama, babu."

"Kutazama mgonjwa?"

"Hapana. Kutazama mahali penyewe."

"Pamefanya nini?"

Darasa zima tukamgeukia mwalimu. Kwa kweli lilikuwa swali zuri. Sisi tulikuwa tunajua safari ya msiba, ya harusi, ya soko na ya kushtakiana. Safari ya kwenda kutazama mahali ambapo hapajafanya kitu hatukuwahi kuisikia. Mwalimu akaeleza kwamba tutakwenda Vuga, mji wa wafalme wetu wa zamani, tukaone historia. Aliposema Vuga, babu akakaa chini taratibu. Baba yake alikuwa akipeleka miwa na mbuzi kwa mfalme huko. Yeye hajawahi kufika.

"Kama ni Vuga," akasema, "nitatalii."

Safari ilikuwa rahisi kuliko zote nilizowahi kusafiri. Lori la kupeleka kabichi za kijiji Mombo lilikubali kutubeba, mradi tulipakie wenyewe. Kila mtu aje na chakula chake, yaani kiporo cha ugali na viazi. Kikalio kilikuwa kabichi. Halafu mwenyekiti wa kijiji akasema hatuwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, akatupa jogoo mweupe, na jembe jipya kabisa lenye mpini wa kung'aa, zawadi ya wakulima kwa wakulima. Kumbuka hayo mambo mawili, jogoo na jembe.

Lori likazua tatizo. Mama mkwe yumo, na mimi nimo, na lori halina nguzo. Akina mama wakatatua: wakatandaza mkeka katikati kama ukuta, watu wanne wakaushika. Yeye mbele akiegemea kichwa cha gari, mimi nyuma kabisa na koti langu. Mpaka Magamba tulikwenda salama. Baada ya Lushoto, kwenye kona za kuteremkia Soni, upepo ukaingia na mkeka ukaanza kupiga mbawa.

"Fumba macho, mkwe, unafunuka!" wakapiga kelele.

Nikafumba.

"Fumbua, umerudi!"

Nikafumbua.

"Fumba tena!"

Kona ya kushuka Soni sikuiona hata moja siku ile. Nilijua tu kwamba kabichi zinahama chini yangu na watu wanacheka mpaka wanakohoa. Mwalimu, aliyekuwa mbele na dereva, akatoa kichwa dirishani akauliza kuna nini. "Tunatalii!" tukamjibu.

Tulishukia Soni, lori likaendelea Mombo, sisi tukashika njia ya Vuga kwa miguu. Tulikwenda tukiimba irabu, a-e-i-o-u, kwa sauti ya nyimbo za kulima. Tulipokaribia, babu akasimama, akavua viatu, akavifunga kamba na kuvitia shingoni.

"Hapa hapaingiwi kwa makelele," akasema. "Baba aliniambia. Pangeni mstari. Wazee mbele, kina mama nyuma. Kimya."

Tukapanga mstari. Mwalimu akanitazama mimi na koti langu. "Wewe ndiye umependeza," akasema. "Chukua jembe, weka begani, ukae pale nyuma ya babu. Jogoo mkononi."

Ninaapa, hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Washambaa watu wazima ishirini na kitu! Tungekuwa tunakwenda kwenye jambo la kawaida, tungejua mara moja kwamba wazee walio kimya, kijana amevaa koti, jembe jipya begani na jogoo mweupe mkononi, hayo yana maana moja tu. Lakini tulikuwa tumeambiwa tunafanya jambo jipya la serikali, kutalii, tukadhani mila zimebaki nyumbani na kuku wengine.

Tukaingia. Mji wa wafalme ulikuwa migomba, nyumba za bati na za nyasi, na watu wanachambua maharage. Kwenye nyumba ya kwanza kubwa mwanamke mmoja mnene akatuona, akaweka ungo chini, akapiga kigelegele.

"Wamefika! Mghoshi, toka ndani, wageni wamefika!"

Mumewe akatoka anafunga mkanda. "Onga mshi, onga mshi, karibuni," akatusalimu, na sisi tukaitikia. Shikamoo kwa babu zikamiminika kutoka kila mlango. Tukatandikiwa mikeka. Tukaletewa maji ya kunawa. Mwenyeji akapokea jembe kwa mikono miwili, akalipapasa mpini, akamwonyesha mkewe, mkewe akapiga kigelegele kingine.

"Mwalimu," nikanong'ona, "walijua tunakuja?"

"Labda redio imetangaza," akasema. Naye alikuwa anaanza kujiona mkubwa.

Kisha wakaleta chakula. Si kiporo, bali wali! Wali wa bondeni, mlimani huku, siku isiyo sikukuu! Na kuku, na maharage yaliyoungwa. Kina mama wakaingizwa ndani kula, kwa hiyo mkwe hakuniona, nami nikala kama mtu aliyetoka kifungoni. Babu alikuwa anatafuna huku machozi yanamtoka.

"Baba yangu," akasema, "alileta miwa hapa miaka yote, hakuwahi kupewa hata maji. Kumbe angesema anatalii!"

Tulipomaliza, watu wote wakaitwa uani, kina mama wakasimama ukutani nyuma yetu. Wakatoka shangazi wawili, wamemshika katikati msichana aliyejifunika kanga mpaka kichwani. Wakamsimamisha mbele yetu, wakamfunua uso. Msichana mzuri, anatazama vidole vya miguu yake.

"Basi," akasema mwenyeji, "mlichokuja kutazama ndicho hiki."

Mwalimu akapiga makofi. Sisi wanafunzi tukapiga makofi. Nilidhani ni mjukuu wa mfalme, tunaonyeshwa historia.

"Na wa kwenu je?" akauliza shangazi mkubwa. "Ni huyu mwenye koti? Asimame tumwone."

Nikasimama. Kisomo kilitufundisha hivyo, ukiambiwa simama unasimama. Shangazi akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Kifua anacho. Miguu imekaa mbali mbali kidogo, lakini ya kupandia mlima. Hebu cheka, baba, tuone meno."

Nikacheka. Wote wakaitikia, "Aaa!" kwa kuridhika. Hapo ndipo jasho lilinitoka ndani ya lile koti. Nikamtazama babu, na babu alikuwa ameacha mdomo wazi, punje ya wali kidevuni. Alikuwa ameelewa. Lakini mtu ambaye ameshakula kuku wa posa atasemaje kwamba hakuja kuposa? Hakuna aliyethubutu. Mwenyeji akainua mkono ili aseme lile neno la kukubali, ambalo likishatamkwa mbele ya wazee si rahisi kulirudisha. Na mimi nilikuwa nimesimama pale natabasamu kama mjinga, namwona binti wa kwetu anaondoka moyoni mwangu.

"Kaa chini wewe!"

Sauti ilitoka ukutani, nyuma yangu. Magoti yakakaa yenyewe kabla sijaijua ni ya nani.

"Huyo ana kwao," ikaendelea. "Mtatusamehe, wenyeji wetu, chakula tumekula na Mungu awazidishie. Lakini huyo hatolewi. Huyo ni mkwe wangu. Atamwoa binti yangu maharage yakitoka."

Kikalipuka kicheko ambacho sijapata kusikia tena. Kina mama wa darasa walianguka mmoja juu ya mwingine. Mwanamke mmoja akapaza sauti:

"Mama nanihii! Misimu miwili hujasema, leo umeona anachukuliwa ndiyo umesema?"

"Nilikuwa ninamtazama," akajibu. "Si mmesema tumekuja kutazama?"

Na mimi sikugeuka. Nilitaka kugeuka kuliko kitu chochote duniani, lakini sikugeuka. Nilikuwa na mkwe sasa.

Basi mambo yakaelezwa. Kumbe wenyeji walikuwa wakingoja wageni wa posa wa kutoka mbali wiki ile, mchumba mwenyewe hawajamwona. Mshenga hawakumwona kati yetu, wakadhani amechelewa njiani. Babu akamwelekea mwalimu.

"Wewe Mbondei, kijana amevaa koti, jembe begani, hujaona kitu?"

"Babu, mimi Mbondei. Ninyi Washambaa wote mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunatalii," akasema babu, na tukaanza kucheka upya.

Mwenyeji alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akakumbuka. "Sasa wageni wangu wakija, watakula nini?" Tukaona aibu. Nikavua koti, mimi na wengine tukapasua kuni, kina mama wakatwanga na kuchota maji, yule jogoo wetu mweupe akaingia chunguni, jembe likabaki pale kama zawadi ya wakulima. Kazi ikaenda kwa irabu, a-e-i-o-u, na watu wa Vuga wakaitikia. Babu hakupasua kuni. Aliomba aonyeshwe ilipokuwa nyumba ya mfalme. Mwenyeji akampeleka kwenye shamba la maharage. Babu akalitazama muda mrefu, viatu vikiwa bado shingoni, akarudi akasema tu, "Yamestawi vizuri."

Alasiri tukarudi Soni, lori likatukuta pale limepakia chumvi na mabati. Nafasi ilikuwa ndogo kuliko asubuhi, lakini mkeka ukasimamishwa tena, kwa heshima zaidi sasa, maana si posa tu, ni mkwe kweli. Yeye mbele, mimi nyuma. Watu walichoka, wakanyamaza. Tulipopita Lushoto, hewa ya Magamba ikaanza kuuma masikio, nikasikia sauti upande wa pili wa mkeka. Haikunisemesha mimi. Ilisema na mwanamke aliyekaa karibu naye.

"Mwambieni mkwe afunge koti. Huku kuna baridi."

Mwanamke yule akamwambia jirani yake, "Mkwe afunge koti." Jirani akamwambia aliyeshika mkeka, aliyeshika mkeka akamwambia babu, na babu, ambaye magoti yake yalikuwa yanagusa yangu, akanigeukia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Unaambiwa ufunge koti."

Nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza. Lakini nilisubiri lifike.

"Mwambieni mama," nikasema, "nimefunga."

Jibu likarudi, mtu kwa mtu, mpaka mbele. Nami, kwa kuwa lile koti halikuwa na kifungo hata kimoja, nililishika kwa mikono miwili kifuani, nikalishika hivyo hivyo kona baada ya kona, mpaka nyumbani.